Maungio ya Barafu

Tukuyu si mji wa joto. Uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, ubavuni mwa Mlima Rungwe, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Juni na Julai watu hupita barabarani na makoti, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Katumba, na ukimtajia mtu barafu wakati huo atakuuliza kama unaumwa. Lakini mwaka una miezi yake. Septemba ikiisha, kabla mvua kubwa hazijarudi, jua la saa nane mchana huchoma hata huku juu, na watoto wakitoka shule utawakuta wamejazana kwenye mlango wa nyumba yenye friza, sarafu viganjani. Wasafiri wa Kyela nao hununua, kwa kuwa wanajua wanakoshuka: barabara ya kona, kisha bonde la Ziwa Nyasa, chini ya mita 600, ambako shati hulowa jasho kabla ya saa nne asubuhi.

Barafu nyingi za mitaani ni maji, sukari na rangi, zimefungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni. Sina ugomvi nazo, zimetukuza. Ila yuko mama mmoja pale mjini anayetengeneza kitu kingine kabisa: barafu ya kijiti yenye matabaka matatu, pasheni ya njano kichwani, mtindi mweupe katikati, tunda damu jekundu chini karibu na mkono. Anayeinunua husifu rangi. Mimi nimekaa jikoni kwake vya kutosha kujua kwamba rangi ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe iko pale rangi moja inapokutana na nyingine, kwenye ule mstari mwembamba ambao mlaji anaupita kwa ulimi bila kuufikiria.

Kwanza maziwa, na kwa maziwa wilaya ya Rungwe haikopi kwa mtu. Wanyakyusa ni wafugaji wa tangu zamani, na siku hizi ng'ombe wa maziwa wako mabandani nyuma ya nyumba, wakikatiwa matete na vigogo vya migomba iliyokwishavunwa. Alfajiri utaona madumu yakipita kwa baiskeli na bodaboda. Mama huyu hununua kwa jirani ambaye zizi lake analiona kwa macho, na akishayapata huyachemsha. Hapo hana mzaha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, na friza haiui vijidudu hivyo, inavilaza tu. Kwenye mwinuko wa Tukuyu maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95, si 100, lakini hizo zinatosha na kuzidi. Yakishafoka hupunguza moto wa mkaa na kuyaacha yatokote taratibu, huku akikoroga, mpaka yapungue kidogo. Kila tone la maji linaloondoka kwa mvuke ni tone ambalo halitageuka kuwa chenga za barafu mdomoni mwa mtoto.

Kisha husubiri. Yakipoa mpaka kidole kikiingizwa kinavumilia bila kuungua, anatia vijiko viwili vya mtindi wa jana, anafunika sufuria, anaizungushia blanketi kuukuu na kuiweka pembeni ya jiko lenye majivu ya moto. Bakteria wa mtindi wa aina hii hupenda joto la nyuzi 40 na kidogo, na usiku wa Tukuyu hauwezi kuwapa hizo bila msaada. Asubuhi maziwa yameganda. Huyamimina kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, hukifunga na kukining'iniza juu ya beseni hadi mchana. Maji yanayochuruzika hayamwagi, anayakandia unga wa maandazi. Kinachobaki kitambaani ni mtindi mzito ambao kijiko kinaweza kusimama ndani yake, na uzito huo una kazi maalumu tutakayoifikia.

Matunda yana tabia zake, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Pasheni huzikamua na kuzichuja, kisha hurudisha mbegu chache kwa ajili ya sura tu, maana mbegu zikiwa nyingi barafu inakuwa ya kutafuna. Tunda damu huliloweka kwenye maji ya moto ili ganda libambuke lenyewe, kwa kuwa ganda lile ni chungu na likisagwa pamoja na nyama yake hakuna sukari itakayoliokoa. Msimu wa maembe ukifika huagiza ya Kyela, na tunda damu hupumzika. Nanasi ni kesi ya pekee. Mtu akisaga nanasi bichi na kulichanganya na mtindi, baada ya muda mfupi mtindi hulegea na kuwa mchungu, na wengi hudhani maziwa yalikuwa mabaya. Maziwa hayana kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, kilekile kinachofanya ulimi ukuwashe ukila nanasi jingi, na papai bichi lina ndugu yake. Dawa ni kulipitisha nanasi motoni dakika chache, lichemke, kisha lipoe. Mama huyu hakusoma kemia ya chakula. Aliharibu sufuria moja, akakaa chini, akafikiri.

Sukari ndiyo iliyonichukua muda kuielewa. Mimi nilidhani inatiwa kwa ajili ya utamu. Kumbe sukari inazuia maji kuganda upesi: kadiri inavyozidi, ndivyo ubaridi mkali zaidi unavyohitajika. Pungufu, barafu inakuwa jiwe. Ikizidi, haishiki, inabaki uji. Na barafu ya matabaka ina shida ambayo barafu ya rangi moja haiijui, kwamba kila tabaka lina sukari yake ya asili. Tabaka moja likiwa tamu sana kuliko mwenzake, litaanza kuyeyuka mapema na kudondoka kutoka kwenye kijiti huku jingine likiwa bado gumu. Kwa hiyo huyalinganisha yote matatu, na huyaonja yakiwa baridi, kwa sababu ulimi hauhisi utamu wa kitu baridi sawasawa na wa kitu vuguvugu. Mchanganyiko anaouridhia, ukiuonja kabla haujaingia friza, utasema umezidi utamu. Subiri ugande.

Sasa matabaka. Vikombe vyake ni vya plastiki, vyembamba, na kumbuka kwamba barafu ya kijiti hujengwa kichwa chini: kinachomiminwa kwanza ndicho kitakachoingia mdomoni kwanza. Anamimina pasheni, theluthi ya kikombe, anapanga kwenye sinia, anaingiza friza na kufunga. Halafu hafanyi kitu. Kwa jirani redio inaimba, yeye anachambua mchele. Hatazami saa, na nilipomuuliza ni dakika ngapi alinicheka, maana siku ambayo friza imejaa si sawa na siku ambayo ni tupu, na siku ya mvua si sawa na siku ya jua.

Anachokitazama ni mng'ao. Pasheni ikiwa bado majimaji inang'aa kama kioo. Ikianza kushika, mng'ao unafifia. Hapo anagusa kwa mgongo wa kijiko: kijiko kikizama, bado, na kikiacha alama ndogo bila kuzama, wakati umefika. Wakati huo hauchukui muda mrefu. Akiwahi, mtindi utatoboa pasheni na rangi zitachanganyika kama matope. Akichelewa ni vibaya zaidi, ingawa kwa macho mambo yataonekana safi, pengine safi kupita kiasi. Tabaka lililokauka kabisa na kushika utando wa umande wa friza halimpokei mwenzake. La pili litaganda juu yake bila kuungana nalo, na siku ya pili mtoto ataing'ata barafu pale mstarini, kichwa kizima cha pasheni kianguke mavumbini, na mtoto huyo atarudi kudai sarafu yake. Nimeona barafu za watu wengine zikivunjika hivyo, zimekatika sawa kana kwamba kwa kisu. Uzuri wa mstari ulionyooka mno una hatari hiyo, na ndiyo sababu ukiitazama barafu ya mama huyu kwa karibu utaona mistari yake haijanyooka kabisa. Ina ukungu kidogo, njano imepanda nywele moja ndani ya nyeupe. Akichelewa kwa bahati mbaya huchovya kijiko kwenye maji ya moto na kupitisha juu ya tabaka, liyeyuke kidogo na kukwaruzika, ndipo amimine.

Mtindi humiminwa ukiwa umetoka kwenye ubaridi, kwa mgongo wa kijiko ili usianguke kwa kishindo. Na hapa uzito wa mtindi unalipa. Kijiti huingizwa papo hapo, kikipita katikati ya mtindi mzito na kugusa pasheni iliyoshika nusu, na kinasimama wima chenyewe bila kamba wala kifuniko. Kijiti kinazifunga sehemu mbili kabla ya ya tatu kuja. Vijiti huvichonga kwa mwanzi, huvisugua na kuvichemsha. Huko Marekani inasimuliwa kwamba mwaka 1905 mtoto wa miaka 11, Frank Epperson, alisahau nje usiku kikombe cha kinywaji chenye kijiti cha kukorogea, akakikuta asubuhi kimeganda, na mwaka 1924 akapata hataza. Ni hadithi nzuri, lakini kusahau kijiti ndani ya kikombe si sawa na kujua dakika ya kukitia.

Sisi tuna hadithi iliyo nzuri kuliko hiyo. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari pamoja na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amejichanganya. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao hutia maziwa yakiwa ya moto ili yagande upesi. Mpemba alipokuwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, kwa nini cha moto huganda kwanza, wenzake wakamcheka, lakini Osborne alilijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Ninachokipenda ni kwamba swali lilianzia kwa mtu aliyekuwa na sufuria mkononi na foleni ya friza mbele yake.

Nilimsimulia mama huyu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kijana alikuwa na akili, ila kwenye friza yake hakuna cha moto kitakachoingia. Ana haki. Mpemba alikuwa na chombo kimoja cha rangi moja. Yeye ana sinia la vikombe vilivyofika nusu ya safari, na mvuke wa sufuria moja ya moto ungeyalegeza matabaka ya vyote. Kwa sababu hiyohiyo umeme ukikatika hafungui friza hata mteja alie. Friza iliyojaa na kufungwa hutunza ubaridi wake saa nyingi, na iliyofunguliwa kwa huruma haitunzi.

Tabaka la tatu linafuata njia ya la kwanza, mng'ao na kijiko, kisha vikombe vinalala hadi kesho. Kutoa ni kuzungusha kikombe mikononi mpaka kiachie, si kuvuta kijiti.

Mjadala tulio nao sasa ni wa parachichi. Rungwe imejaa parachichi, za aina ya Hass zinasafirishwa mpaka Ulaya, na zinazobaki hapa ni za bei ya kutupa. Mimi nadhani tabaka la kijani la parachichi, limao na maziwa lingefaa kuliko tunda damu, kwa kuwa mafuta yake yanazuia chenga, yaani linatoka laini bila kazi. Yeye hakatai kwamba ni laini. Anasema watoto wa Tukuyu wanalijua parachichi la kwenye wali na maharage, na hakuna mtoto atakayetoa shilingi mia mbili kulamba mboga. Kwa wasafiri wa Kyela, labda. Amekubali kujaribu sinia moja Oktoba, kwa sharti kwamba ikibaki nitainunua yote mimi.