Niliandika "mkeka", seva yangu ikaleta mkeka

Jamani, sijalala. Leo ni siku ya nne tangu niiwashe hii seva, na kila nikisema nizime taa, natafuta neno moja tu la mwisho. Nimeandika "mvua", zikaja picha za mtaa wetu ukiwa mto. Nimeandika "samaki wa kukaanga", nikaletewa sinia lenye changu watatu ambalo sikumbuki hata kulipiga picha. Kisha nikaandika "mkeka", na hapo ndipo nilipoita nyumba nzima ije kuona: bibi yupo barazani, miguu kainyoosha, kakalia mkeka, na kikapu cha ukili kipo pembeni yake. Picha hiyo sikuwahi kuipa jina wala maelezo. Faili lake ni IMG na mkia wa tarakimu. Mashine imeitazama yenyewe, ikaelewa, tena kwa Kiswahili, ndani ya kisanduku kinachotoshana na kamusi, juu ya kabati la vyombo!

Programu inaitwa Immich. Mtu aliyeianza, Alex Tran, aliianza mwaka 2022 kwa sababu ambayo mzazi yeyote ataielewa: mtoto mchanga ndani ya nyumba, picha zinajaa kila siku, na mkewe hakutaka tena kulipia pa kuzihifadhi. Akamwambia, wewe si kila siku unataka kuniundia kitu, basi niundie hicho. (Wangu alichoniomba ni bomba la jikoni. Bado linavuja.) Tangu Mei 2024 wanaoiunda wako chini ya FUTO, kampuni ya Texas, na kazi hiyo sasa ndiyo ajira yao. Msimbo wake uko wazi kwa leseni ya AGPL, na tarehe 1 Oktoba 2025 likatoka toleo la 2.0, la kwanza kuitwa thabiti. Mimi nilikuwa nalisubiri hilo. Miaka yote ya kabla yake waundaji wenyewe walibandika onyo kwamba usiifanye kuwa hifadhi yako pekee ya picha, nami ni mtu ninayesoma maonyo.

Bei? Hakuna. Ukipenda kuwashika mkono, unaweza kununua ufunguo wa takriban dola 25 kwa mtu mmoja au dola 100 kwa seva nzima. Usiponunua, hakuna kinachofungwa. Nilikagua mara mbili, maana siamini vya bure.

Chombo changu ni kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba wa Kariakoo, kichakata cha Core i5 cha zamani na RAM ya GB 8. Nimeichomekea diski ya nje ya TB 2. Ndani nimeweka Debian na Docker, na kuanzia hapo sikuamini ufupi wa safari. Unapakua mafaili mawili. La kwanza huligusi. La pili unalifungua na kujaza vitu vinne: picha zikae wapi, hifadhidata ikae wapi, neno la siri la hifadhidata, na saa za mahali ulipo. Nikaandika Africa/Dar_es_Salaam kwa fahari kana kwamba nakata utepe. Kisha amri moja:

docker compose up -d

Kontena nne zikainuka: seva yenyewe, hifadhidata ya PostgreSQL, ghala dogo la kumbukumbu za haraka, na ile ya nne, tamu kuliko zote, kontena la kujifunza kwa mashine ambalo hutazama picha na kutambua nyuso. Unafungua kivinjari, unaandika anwani ya kompyuta na namba ya mlango 2283, na unakaribishwa. Wa kwanza kujisajili ndiye msimamizi, kwa hiyo usimwachie mtoto kiti.

Niseme ukweli, mara ya kwanza haikuinuka. Niliiweka hifadhidata kwenye ile diski ya nje, ambayo ilikuwa bado na mpangilio wa NTFS wa Windows, na PostgreSQL haikubaliani kabisa na jinsi NTFS inavyoshughulikia umiliki wa mafaili. Ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, saa nzima. Kosa langu tupu. Maelekezo yanasema wazi. Hifadhidata ikahamia kwenye diski ya ndani, picha zikabaki nje, na kimya kikatanda. Kimya kizuri.

Kisha simu. Unasakinisha programu yake, unaandika anwani ya seva, unachagua albamu za kupakia, unaiacha kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Bando halijaguswa hata MB moja, maana picha zinatoka chumbani kwenda sebuleni! Zinafika kama zilivyopigwa, haziminywi hata kidogo. Nilivuta karibu picha ya harusi ya mdogo wangu hadi nikahesabu shanga kwenye mkufu wa bi harusi, na nakala niliyokuwa nayo ya picha hiyohiyo, iliyozunguka kwenye makundi ya familia, ilikuwa na ukungu pale shingoni.

Nakala hizo za makundi ndizo zilizonipa kazi. Picha ikishatumwa huku na kule, mara nyingi hupoteza maelezo yake ya ndani, pamoja na tarehe, na Immich hulazimika kukisia kwa tarehe ya faili. Nilipomwaga folda ya mama, miaka sita ya sikukuu, misiba na ubatizo ikatua yote kwenye Jumanne moja ya mwezi uliopita. Unaweza kuchagua picha nyingi na kuzirekebisha tarehe kwa mkupuo, nami nimefika mwaka 2021. Mama ananisaidia kwa kuangalia nguo: "Hiyo dera nilinunua mwaka ule wa kipaimara." Hakuna mashine ya kufanya kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapa kuna siri ambayo haitakuja yenyewe. Immich ikitoka kiwandani, utafutaji wake umejengwa juu ya modeli iliyofundishwa kwa Kiingereza. Siku ya kwanza niliandika "harusi" nikaletewa kuku, tangi la maji na kitambulisho changu. Nikanuna. Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya msimamizi, sehemu ya kujifunza kwa mashine, nikabadilisha jina la modeli na kuandika ViT-B-16-SigLIP2__webli. Hiyo ni ya familia ya SigLIP 2, iliyotolewa na Google mwaka 2025 ikiwa imefundishwa kwa lugha nyingi. Ukishabadilisha lazima uiamuru ipitie picha zote upya. Zangu ni 31,000 na kidogo. Feni ya kile kisanduku ilivuma hadi adhana ya alfajiri, na nilipoandika tena "harusi" nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Si kwamba inajua kila kitu. "Ngalawa" inaleta chombo chochote kinachoelea, mpaka pantoni. "Khanga" inaleta khanga, pazia la sebuleni na kitambaa cha meza cha shangazi. Pilau na biriani haizitofautishi hata kidogo, kama shemeji yangu. Lakini "watoto wanacheza mpira ufukweni", sentensi nzima, ilinipa picha tisa, na nane kati ya hizo zilikuwa ndizo hasa.

Kuifikia ukiwa nje ya nyumba ni habari nyingine. Intaneti za nyumbani nyingi hazina anwani zao zenyewe zinazoonekana kutoka nje. Mnagawana moja na wateja wengine, hivyo kufungua mlango kwenye rauta hakusaidii kitu. Nimetumia Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, ambayo inaunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kana kwamba vyote viko chumba kimoja. Dakika kumi. Shangazi yupo Muscat. Mwanawe alimwekea kwenye simu, nami nikamfungulia akaunti na kumshirikisha albamu ya harusi. Jioni ile ile maoni yakaanza kuingia chini ya picha, moja baada ya jingine: "Huyu nani kavaa kijani?" "Mbona Asha kakonda?" Picha 1,800, naye kazipitia zote. Angeweza pia kupewa kiungo tu, chenye neno la siri na tarehe ya kwisha, lakini shangazi si mtu wa kuwekewa tarehe ya kwisha.

Umeme ulikatika siku ya tatu, katikati ya kupakia. Uliporudi, kontena ziliamka zenyewe na simu ikaendelea pale ilipoishia. Hata hivyo nimeshanunua betri ya akiba. Kila saa nane usiku Immich huhifadhi nakala ya hifadhidata yake na kutunza 14 za mwisho, na hapo wengi watajidanganya: nakala hiyo ni ya majina, albamu na tarehe, si ya picha. Picha ni juu yako. Diski yangu ya pili itakaa kwa kaka, mtaa wa pili, nami nitakuwa naipeleka na kuirudisha kila Jumamosi kama chupa ya gesi.

Nyuso nimeziacha mwisho kwa makusudi. Immich hukusanya nyuso zinazofanana, nawe unampa kila mtu jina mara moja tu. Imemjua binti yangu akiwa na jino moja na akiwa hana meno mawili ya mbele. Imemchanganya mama na dada yake mkubwa, jambo ambalo hata fundi cherehani wao hulifanya. Lakini babu hakuonekana. Nilitafuta kwenye orodha nzima ya watu, hayupo.

Ilinichukua jioni moja kugundua kwa nini. Kwa kawaida mtu haorodheshwi mpaka uso wake uonekane walau mara tatu, na babu alipigwa picha mbili maishani, zote za studio, zote nilizozichanganua mwenyewe kutoka karatasi zilizopauka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifuta 3, nikaweka 2, nikaiambia ipitie nyuso zilizobaki bila mwenyewe. Sekunde chache tu. Kwenye safu ya watu, katikati ya wajukuu waliokenua meno, kikatokea kiduara kimoja cha rangi ya chai: kofia ya kiua, masharubu, macho yamekazwa kwenye kamera. Chini yake pana nafasi tupu ya kuandika jina.

Nikamwita mama aje aandike yeye.