Gharama, Bei na Gunia la Maharage: Uhakiki wa Mbinu za Kuthamini Bidhaa Ghalani kwa Wafanyabiashara wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mbinu za kuthamini bidhaa ghalani zinavyofundishwa kwa wafanyabiashara wadogo, yakichukua biashara ya maharage kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara kuwa kielelezo. Hoja kuu ni kwamba mabishano kuhusu kanuni ipi itumike yamepewa nafasi kubwa kuliko yanavyostahili. Pale ambapo bei hupanda na kushuka kwa misimu miwili ya mavuno kila mwaka, faida inayoandikwa daftarini hutegemea zaidi mambo mawili: kilichohesabiwa ndani ya gharama, na thamani ya bidhaa zilizobaki siku ya kufunga hesabu. Makala yanaonyesha pia kwamba istilahi za Kiswahili zisipozingatia usemi wa watu wa mahali huongeza utata zinaokusudiwa kuuondoa.

1. Utangulizi

Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Waliotangulia walikuwa Wanyarwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na biashara, na kaya nyingi zimegawiwa vipande vya ardhi ya kulima. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa mkulima, mchuuzi na mwenye duka kwa wakati mmoja. Bidhaa za jumla hutoka Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na mazao ya Isingiro nayo huteremka kwenda huko huko.

Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda kwa madaraja ya uhitaji. Kadiri mgao unavyopungua, ndivyo faida ya duka inavyozidi kubeba mlo wa nyumbani. Hapo swali la kihasibu, yaani ni kiasi gani cha fedha zilizo mkobani ni faida na kiasi gani ni mtaji, hugeuka kuwa swali la riziki. Anayelijibu vibaya hula mtaji wake akidhani anakula faida.

2. Kanuni na asili yake

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu Namba 2 kinaruhusu kanuni mbili kwa bidhaa zisizoweza kutofautishwa moja moja. Ya kwanza huchukulia kwamba bidhaa zilizotangulia kuingia ndizo zilizotangulia kutoka. Ya pili hugawa gharama zote kwa idadi ya bidhaa na kupata wastani. Kanuni ya tatu, ya mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka, iliondolewa katika marekebisho ya mwaka 2003 yaliyoanza kutumika Januari 2005, ingawa Marekani bado inaitambua. Kiwango cha taasisi ndogo na za kati kilichotolewa mwaka 2009 kinafuata mkondo huo huo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda nayo inaruhusu kanuni hizo mbili, na inakataza mlipakodi kubadili aliyoichagua bila idhini ya maandishi ya Kamishna.

Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo wa Nakivale hagusi sehemu hiyo ya sheria. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 150 kwa mwaka hutozwa kodi kwa kigezo cha mauzo, wala si cha faida. Tangu mwaka wa fedha wa 2020/21 viwango vinawatofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 30 na milioni 50 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kiasi kinachozidi milioni 30. Kumbukumbu zinamnufaisha, lakini zinazohitajika ni za mauzo. Thamani ya mali iliyobaki ghalani haiingii kabisa katika kodi yake.

Basi ni nani anayemhitaji mchuuzi athamini bidhaa zake? Ni mkopeshaji anayetaka kuona faida kabla ya kutoa fedha, ni mradi unaotaka kupima kama ruzuku yake imezaa, na zaidi ya wote ni mchuuzi mwenyewe. Mafunzo yanayoanza na kanuni mbili, kana kwamba kazi nzima ni kuchagua kati yake, yanamhudumia mtahiniwa wa uhasibu kuliko yanavyomhudumia mmoja wa hao watatu.

3. Kielelezo cha magunia thelathini

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na bei zake zimechaguliwa kwa ajili ya wepesi wa hesabu. Mfanyabiashara ananunua magunia 10 ya maharage mwezi Julai, wakati wa mavuno, kwa gharama ya shilingi 200,000 kila gunia. Septemba anaongeza 10 kwa 260,000. Novemba maharage yamekuwa adimu, anayafuata Mbarara na kuleta 10 kwa 320,000. Jumla ni magunia 30 yaliyogharimu 7,800,000. Mwezi huo huo anauza magunia 20 kwa 340,000 kila moja, na kupata 6,800,000.

Kwa kanuni ya aliyetangulia, magunia yaliyouzwa yaligharimu 4,600,000, faida ghafi ni 2,200,000, na magunia 10 yaliyobaki yana thamani ya 3,200,000. Kwa kanuni ya wastani, kila gunia ni 260,000: yaliyouzwa ni 5,200,000, faida ni 1,600,000, na yaliyobaki ni 2,600,000. Tofauti ya faida ni shilingi 600,000. Mafunzo mengi huishia hapa, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba amekwisha kuona kiini cha jambo.

Kuna hatua mbili zaidi. Ya kwanza ni ya mtaji. Akitoa faida yote ya 2,200,000 kwa matumizi ya nyumbani, hubakiwa na 4,600,000. Akilazimika kujaza ghala papo hapo kwa bei ya 320,000, atapata magunia 14 mahali pa 20 aliyouza. Kwa wastani angebakiwa na 5,200,000 na kupata magunia 16. Hakuna kanuni kati ya hizo mbili inayomrudishia magunia yake 20, kwa kuwa zote hutazama gharama iliyopita, ilhali soko hudai gharama ya leo. Angalizo hilo ndilo ambalo mchuuzi analihitaji kabla ya kugusa mkoba.

Hatua ya pili ni ya siku ya kufunga hesabu. Kiwango kinaagiza kwamba bidhaa zilizobaki zithaminiwe kwa kilicho kidogo kati ya gharama yake na kile kitakachopatikana kwa kuziuza, baada ya kutoa gharama za kuuza. Tuseme maharage mapya yameanza kuingia Desemba, bei imeshuka hadi 220,000, na kulifikisha gunia kwa mnunuzi kunagharimu 5,000. Kila gunia sasa lina thamani ya 215,000, na yote 10 yana thamani ya 2,150,000. Kwa kanuni ya aliyetangulia, thamani inashushwa kwa 1,050,000 na faida inabaki 1,150,000. Kwa wastani, inashushwa kwa 450,000 na faida inabaki 1,150,000. Ile tofauti ya 600,000 imetoweka yote.

Matokeo hayo hayatokani na ujanja wa tarakimu. Bei ya soko inaposhuka chini ya gharama zote mbili, kanuni zote mbili hulazimika kuandika thamani moja. Tofauti ingebaki endapo bei ingekuwa juu, na ingebaki sehemu tu endapo ingeangukia katikati. Lakini kusini-magharibi mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, na maharage huvunwa karibu na Juni na Julai, kisha karibu na Desemba na Januari. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na wengi wengine hufunga tarehe 31 Desemba. Tarehe zote mbili huangukia pale pale maharage mapya yanapoingia sokoni. Kwa mwenye ghala la nafaka au kunde, kushusha thamani ni jambo la kutarajiwa katika kila ufungaji, ingawa mafunzo huliweka mwishoni kama tanbihi.

4. Kinachoingia katika gharama

Kiwango kinaijumuisha katika gharama bei ya kununulia pamoja na gharama za kuifikisha bidhaa mahali ilipo na katika hali iliyo nayo. Usafirishaji na upakiaji wa kuleta mali umo ndani yake. Gharama ya kuhifadhi kwa kawaida haimo, wala gharama za kuuza. Kanuni hii ni rahisi kuisoma na ngumu kuitekeleza pale ambapo gunia la Julai limenunuliwa kwa mkulima wa Juru au Rubondo, likapakiwa kwenye bodaboda, na gunia la Novemba limepanda gari kutoka Mbarara.

Tuseme katika mfano wetu shilingi 12,000 za kila gunia ni nauli, upakiaji na gunia lenyewe. Fedha hizo hutoka mfukoni njiani na mara nyingi hazifiki daftarini. Zisipoandikwa popote, faida ya magunia 20 huongezeka kwa 240,000 zisizokuwapo. Wakati huo huo, familia ikipika maharage ya dukani hadi gunia moja likaisha, hesabu ya mwisho itaonyesha magunia 9. Kwa kanuni ya wastani, 260,000 zitahesabiwa kana kwamba ni gharama ya mauzo, na faida itapungua kwa kiasi hicho. Makosa hayo mawili yanavutana pande tofauti na karibu yanafutana. Daftari linaonekana sawa, mkopeshaji anaridhika, na mwenye duka hajui kwamba nauli inamla wala kwamba duka linalisha nyumba.

Upungufu wa uzito nao haukwepeki. Maharage yaliyonunuliwa yakiwa hayajakauka vizuri, yakikaushwa na kupepetwa, kilo 1,000 zaweza kubaki 960. Gharama ya kilo, iliyokuwa shilingi 2,000 kwa bei ya Julai, imekuwa 2,083 bila soko kubadilika. Tofauti iletwayo na kanuni hurekebishwa katika mwaka unaofuata, kwa sababu bidhaa zilizobaki leo ndizo za kuanzia kesho. Nauli isiyoandikwa na kilo zilizopotea hazirekebishwi na mwaka wowote.

5. Lugha ya daftari

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kukipa hadhi hiyo. Uhasibu nchini humo, hata hivyo, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anayeandaa mwongozo wa Kiswahili kwa Nakivale hujikuta akitafsiri, na tafsiri ya neno kwa neno ina mitego mitatu.

Wa kwanza ni kitenzi chenyewe cha biashara. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kuuza hutumika kwa maana ya kununua, na kuuzisha ndiko kuuza kwa maana ya Kiswahili sanifu. Safu ya daftari iliyoandikwa "bei ya kuuza" yaweza basi kujazwa bei ya kununulia, na faida yote ikapinduka. Mtego wa pili ni "wastani wa uzito". Kwa mtu anayepima maharage kwa mizani, maneno hayo yanamaanisha wastani wa kilo. "Wastani wa gharama" unatosha, mradi ielezwe kwamba jumla ya gharama hugawanywa kwa jumla ya bidhaa. Mtego wa tatu ni "thamani halisi". Katika uhasibu wa Kiswahili, halisi hubeba maana ya kilichobaki baada ya makato, kama katika faida halisi, lakini msikilizaji wa kawaida huisikia kuwa ni thamani ya kweli. Mchuuzi aliyenunua kwa 320,000 ataamini kwamba hiyo ndiyo thamani ya kweli ya gunia lake, kinyume kabisa cha kile anachofundishwa. "Thamani safi ya mauzo" inapunguza hatari hiyo.

6. Hoja pinzani

Yaweza kudaiwa kwamba bila kanuni moja iliyo thabiti, hesabu za mwaka huu haziwezi kulinganishwa na za mwaka jana. Hoja hiyo ina uzito, na uthabiti unafaa kudaiwa kwa kila daftari. Yaweza pia kudaiwa kwamba maziwa, mikate na dawa lazima vilivyotangulia vitoke kwanza. Hilo ni kweli kuhusu mwendo wa bidhaa rafuni, na kuzitoa hivyo ni busara ya duka. Kanuni ya uhasibu hupanga mwendo wa gharama daftarini, ambao ni jambo jingine. Kwa bidhaa za pakiti zenye ankara, kanuni ya aliyetangulia ni rahisi kufuata. Kwa maharage yaliyomiminwa katika rundo moja, hakuna awezaye kusema punje ipi ni ya Julai, na wastani ndio unaoeleza hali ilivyo.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu haukatai kanuni zilizopo. Unakataa mpangilio wa kuzifundisha unaoanza na uchaguzi wa kanuni na kuacha nyuma mambo yanayoamua faida. Mafunzo kwa wafanyabiashara wa Nakivale yaanze na kuhesabu magunia na kilo, kisha kuandika kila kilichotoka mfukoni kuleta mali, kisha kutenga kilichokwenda jikoni, kisha kulinganisha gharama na bei ya siku ya kufunga. Kanuni ifuate baada ya hapo, na wastani uwe chaguo la kwanza kwa mazao.

Wakopeshaji na miradi waombe, pamoja na faida, idadi ya magunia mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, pamoja na bei ya sasa ya kujaza ghala. Takwimu hizo mbili hudhihirisha mtaji unaoliwa hata pale faida inapoonekana nono. Na miongozo ya Kiswahili isomwe kwa sauti mbele ya wafanyabiashara kutoka Kivu, Burundi na Somalia kabla ya kuchapishwa, ili kila safu ya daftari iwe na maana moja kwa wote watakaoijaza.