Saa ya Ruta Isijipange Yenyewe

Cisco ilikosea ilipoamua ruta ijipangie saa. Kila aliyewasha ruta ya 1941 na kusoma usanidi wake ameiona: chini ya porti ya seriali, kabla fundi hajagusa kitu, pameshaandikwa clock rate 2000000. Biti milioni mbili kwa sekunde, juu ya kebo ambayo ruta haijui urefu wake.

Mlinganishe huyu na mzee 2501, mwenye porti mbili za seriali na moja ya Ethernet. Kwake, fundi aliyesahau saa alijua papo hapo: protokoli ya laini ilibaki chini, na hakuna pakiti iliyopita. Akalazimika kuandika show controllers serial 0, asome kama ameshika ncha ya DCE au ya DTE, kisha ainame nyuma ya kabati aiangalie kebo kwa macho yake. Hapo ndipo alipochagua kasi, mara nyingi 64000, akijua kwa nini. Vijana wengi wa ufundi walijifunza tofauti ya ncha hizo mbili kwa sababu ya laini iliyokataa kupanda, si kwa sababu ya kitabu.

Leo laini inapanda tu, na kupanda huko kunadanganya. DCE ndiye mpiga ngoma, DTE anacheza kwa mdundo wake: kila pigo, biti moja. Lakini DTE anapojibu, biti zake zinarudi kupitia kebo ileile, na kebo ikiwa ndefu zinafika pigo limeshapita. Jedwali la Cisco wenyewe kuhusu V.35 linaruhusu mita 1250 kwa kasi ya 2400, mita 31 kwa 56000, na mita 15 tu kwa 1544000. Hiyo 2000000 iko nje ya jedwali kabisa! Dawa zipo: dce-terminal-timing-enable, ili DCE isome data kwa saa iliyorudi pamoja nayo, au invert txclock, inayogeuza pigo. Ila atazitafuta nani, wakati skrini inasema kila kitu kiko juu na ni makosa ya CRC peke yake yanayopanda polepole?

Haydom inaonyesha uzito wa jambo hili. Hospitali ya Kilutheri iko pale tangu 1955, kilometa 300 hivi kutoka Arusha, na masika yakiichafua barabara fundi wa mjini hafiki kwa kupigiwa simu tu. Mahali pa namna hiyo, laini iliyokufa ni afadhali, maana hakuna anayebishana kwamba imekufa. Laini inayoonekana nzima huku ikidondosha pakiti huwafanya watu wailaumu kompyuta, kisha programu, kisha mvua, na siku zinakwisha.



Kuna na lile jambo la amri ya bandwidth, ambalo safu hii haitachoka kulisema. Amri hiyo haibadilishi kasi ya laini hata kidogo. Inaziambia tu protokoli za kuchagua njia, OSPF na EIGRP, ziamini nini. Porti ya seriali isipoguswa husema 1544, kasi ya T1 ya Marekani, hata ikiwa laini ya Tanzania ni E1 ya 2048 au ni kilobiti 64 tu. Kwa 1544, OSPF hupata gharama ya 64. Kwa kilobiti 64 za kweli ingekuwa 1562. Fundi asiyeandika bandwidth 64 anaipeleka trafiki yote kwenye kichochoro akidhani ni barabara kuu.

Tarehe 24 Februari 2020 mtihani mpya wa CCNA, 200-301, ulianza, na laini za seriali zikaachwa nje. Wanaokuja sasa watakutana na saa kwa mara ya kwanza kwenye kadi ya E1, wakiwa na mazoea ya ruta inayojipangia. Wataweka clock source internal pande zote mbili, badala ya upande wa mteja kufuata line. Saa hizo zikipishana kwa sehemu moja tu katika milioni, biti mbili hivi zinapotea au kujirudia kila sekunde, na fremu nzima ya biti 256 inateleza kila baada ya sekunde 125, usiku na mchana, laini ikiwa juu.