Nani Aliyesema Chomeka?

Mliokuwepo mtaani Jumamosi mliona. Friji la milango miwili limeshushwa kwenye Kirikuu, limeingizwa jikoni, jasho la wabebaji halijakauka, mtu anachomeka plagi. Hazikupita dakika kumi. Kosa la kuhama kote ni hilo.

Kulilaza nasamehe, kwa shingo upande. Kirikuu lina bomba za turubai, dereva hataki kuzifungua, na friji refu halisimami humo. Afadhali basi wangelilaza ubavu. Wao wakalilaza chali, uzito wote ukaukalia wavu wa kondensa. Lakini hata hilo lina dawa, nayo ni kusubiri. Mafuta ya kompresa hukaa chini, kama maji kwenye karai. Ukilaza friji, yanaingia kwenye mabomba. Ukilisimamisha yanarudi, ila kwa mwendo wake, maana mabomba ni membamba na mafuta ni mazito. Likilala safari fupi, lipe muda wa saa tatu au nne. Likilala usiku kucha, lipe siku nzima. Ukiwahi kuchomeka, pistoni iliyozoea kubana gesi inakutana na kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Vali zinavunjika. Zikinusurika, mafuta yanakwenda kuziba kapilari, mrija ambao tundu lake kwa kawaida halifiki milimita moja. Hapo friji linanguruma kutwa na halipoozi kitu.

Na haraka ilikuwa ya nini? Nimeambiwa soda za wabebaji zipate ubaridi. Soda! Barafu ya duka la jirani ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni.

Maandalizi ya Ijumaa yalikuwa safi: barafu iliyeyuka yenyewe bila kuchokolewa kwa kisu, na vioo vya ndani vikafungwa kwenye khanga.

Enzi za mikokoteni, pale Ilala, mzee mmoja alituhamishia friji la mama. Alilisimamisha wima, akalikaza kwa mipira ya tyubu, akaenda nalo taratibu kama anayesindikiza jeneza. Tulipofika akaupiga waya fundo, akaurusha juu ya friji. "Mama, usiliguse mpaka baada ya isha." Ilikuwa ndiyo kwanza adhuhuri. Friji lile nimelitumia mpaka nimeoa.

Sasa ataitwa fundi, na nimelisema hapa hadi nimechoka: atasema gesi imeisha. Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Imefungiwa ndani, ikipungua, pana mahali panavuja. Kuijaza wakati mafuta ndiyo yaliyoziba njia ni kumlipa mtu kwa kukudanganya.

Jirani, kama bado limewashwa, lichomoe leo. Liache wima mpaka kesho jioni ndipo ujaribu tena. Na fundi akitaja gesi, akuonyeshe kwanza panapovuja.