Waya Upi Unatolewa Kwanza

Sifa za bure zinaua ufundi. Stata ikigoma kuachia, injini imeshawaka na ufunguo umesharudi lakini kule chini chuma bado kinasaga chuma, mtu wa kwanza kufika na nyundo akaipiga solenoidi mara mbili hadi kelele zikakoma hutangazwa papo hapo kuwa fundi hatari. Mwenye gari anashukuru, waliosimama pembeni wanaafiki, na bei ya stata ya mtumba inatajwa kabla jasho la mteja halijakauka. Kwa nini haikuachia? Swali hilo haliulizwi. Nyundo ina kazi moja ya hakika katika tukio kama hilo, nayo ni kufuta ushahidi. Kontakti zilizokuwa zimeshikana zimebanduka, au plunja iliyokuwa imekwama imerudi, au rilei iliyoganda imeshtuliwa na mtikisiko. Lipi kati ya hayo lilitokea, hajui aliyepiga wala aliyelipa. Halafu kesho gari linanguruma tena, na lawama inaiangukia stata iliyofungwa jana.

Mimi fundi wa stata nampima kwa kitu kimoja kabla ya vingine vyote: waya anaoutoa kwanza. Wengi hukimbilia teminali ya betri. Anayeijua kazi hutafuta waya mwembamba, ule wa teminali 50 unaotoka kwenye swichi au kwenye rilei kuja kugusa solenoidi. Waya huo huonekana si kitu mbele ya kebo nene iliyolala jirani yake, na ndiyo maana asiyejua haumpitikii hata kichwani. Lakini kesi nzima imegawanyika hapo. Uchomoe wakati stata bado inazunguka. Ikinyamaza, stata haina hatia: ilikuwa inatii amri iliyoendelea kuletwa, na mkosaji yuko juu. Huenda ni rilei iliyoungua kontakti, au swichi ya ufunguo ambayo springi yake imechoka kwa kubeba rundo la funguo, au waya uliochubuka ukagusana na wenye umeme, au, kwa magari yetu, mkono wa mtu aliyefunga alamu akaunga nyaya kwa meno na selotepu. Isiponyamaza, amri haipo tena na stata inajiendesha yenyewe, basi hukumu iko ndani ya solenoidi. Kitendo kimoja cha sekunde mbili kinaondoa nusu ya washukiwa. Aliyeanza na betri amezima vyote kwa pamoja, wenye kosa na wasio na kosa, kisha anabaki kukisia.

Patajitokeza wa kusema kwamba stata ikishaanza kutoa moshi hakuna nafasi ya kuchezea waya mwembamba, toa betri kwanza. Kweli kabisa. Stata ni mota ya sekunde chache, na hunywa zaidi ya ampea mia; ikiachwa dakika nzima, koili zinaungua na kebo inaweza kuwasha moto. Toa betri, tena haraka. Ila kazi haijaisha hapo. Fundi mwenye akili, kabla ya kurudisha teminali, anahakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, anauchomoa waya mwembamba, ndipo anagusisha betri. Stata ikirukia kuzunguka bila waya ule, kontakti zimeungana kwa joto na hakuna mjadala. Mwingine ataleta Land Cruiser ya petroli yenye injini ya 2UZ, ambayo stata yake imezikwa chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, aulize huo mkono utapita wapi. Hauhitaji kupita. Chomoa rilei ya stata kwenye boksi la fyuzi; ikinyamaza, umeanza kupata jibu bila kufungua nati hata moja. Isiponyamaza, umebakiza solenoidi na kipande cha waya kati yake na rilei, ndipo manifoldi iguswe.

Kuna ukimya mmoja unaowadanganya hata wazuri. Betri imerudishwa, waya mwembamba uko nje, stata kimya. Aliyesoma nusu anaiondolea hatia solenoidi hapo hapo. Angojee kidogo. Ndani ya solenoidi mna koili mbili, ya kuvuta na ya kushikilia. Ya kwanza ina waya mnene, ya pili ina waya mwembamba, lakini zimesukwa kwa idadi moja ya mizunguko, na usawa huo una sababu. Ufunguo ukirudi, kwa kitambo kifupi sana kontakti kubwa bado zimegusana, na umeme unapita humo kurudi kinyumenyume kwenye koili ya kuvuta kisha kwenye ile ya kushikilia hadi athi. Umeme ni ule ule na mizunguko ni sawa, lakini moja inavuta kwenda na nyingine inavuta kurudi. Zinafutana, springi inashinda, plunja inaruka nyuma. Sasa mizunguko michache ya koili ya kuvuta ikishikana kwa joto, au msukaji wa mtaani akisuka upya kwa kukadiria tu, hesabu haitoki sawa, haifutiki, na solenoidi inajishikilia yenyewe. Ukitoa betri inaachia vizuri, ukirudisha haifanyi kitu, kila mtu anasema imepona. Inaumbuka kwa jaribio moja: ipe teminali 50 umeme kwa waya wa pembeni, stata izunguke, kisha uondoe waya huo. Pinyoni irudi kwa mlio mmoja mkavu. Ikisita, ifungue. Mabingwa wa kusuka mizunguko kwa kuihesabu wapo, na wanadai bei yao bila haya. Ninaowalalamikia ni wanaopima kwa macho.

Jaribio hilo hilo ndilo linalowafichua wauzaji. Tembea Gerezani pale Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, wanayoiita Grogan, utaona stata inawekwa chini, inakanyagwa kwa kiatu, inagusishwa betri, cheche zinaruka, mota inalia kwa kasi ya kutisha na mnunuzi anafungua pochi. Jaribio la kuzunguka mtupu, bila mzigo, karibu kila mota inalifaulu. Tazama mkono wa muuzaji wakati wa kumaliza. Mwaminifu anaondoa waya mwembamba na kuacha kebo nene mahali pake, ili uone pinyoni ikirudi yenyewe. Mjanja anainyofoa kebo nene. Vyote vinakufa kwa mpigo, na ubovu unakwenda nyumbani kwako. Ukiona pia imepuliziwa rangi ya fedha mpaka kwenye vichwa vya nati, iache. Stata nzima ina vumbi lake la haki.

Vigezo vingine navitaja bila kuvitetea sana. Grisi kwenye mfereji wa bendeksi iwe kama kivuli; ikiwa nyingi, vumbi la klachi linaganda nayo na pinyoni inakwama katikati ya safari. Ganda la solenoidi lisiwe na alama za nyundo, maana ganda lililobonyea linaibana plunja, na fundi wa jana ndiye aliyeanzisha ugonjwa wa leo. Bushi ya mbele ipimwe kwa kutikisa shafti: ikicheza, pinyoni inainama na kung'ang'ania meno ya flaiwili hata umeme ukiwa umekatika zamani. Na flaiwili yenyewe izungushwe yote kabla ya kuhukumiwa, kwa kuwa injini ya silinda nne huzimika mara nyingi katika sehemu mbili zile zile, na meno huliwa hapo tu. Fundi asiyefuta mikono kabla ya kushika plunja simwamini. Sina hoja ya zaidi juu ya hilo.

Betri ndiyo inayosahauliwa. Kontakti za solenoidi haziungani kwa bahati mbaya. Betri ikiwa dhaifu au athi ya injini ikiwa na kutu, volti zinaanguka wakati wa kupiga stata, koili haina nguvu ya kubana, kontakti zinagusa na kuachia, zinagusa na kuachia, na kila mguso una cheche inayoyeyusha kopa kidogo. Mwisho zinashikana. Kwa hiyo aliyebadilisha stata bila kupima volti wakati wa kupiga, ambazo hazifai kushuka chini ya 9.6, amepeleka stata mpya kwenye machinjio yale yale. Muda wote pinyoni inapobaki kwenye ringi ya meno ya flaiwili huku injini imewaka, kinachoinusuru amecha ni klachi ya upande mmoja. Ringi ya meno 120 na pinyoni ya meno 10 maana yake, klachi ikiganda, injini ya mizunguko 3,000 kwa dakika inaizungusha amecha mara 36,000. Koili hutapikwa nje.

Zamani hali ilikuwa nyepesi, na sioni aibu kuitamani. Land Rover za Series zilizokuwa na stata za Lucas zilirusha pinyoni kwa msukumo wa shafti tu, na ilipong'ang'ania meno ulikuwa unazima swichi, unaweka gia ya juu na kulisukuma gari mbele na nyuma hadi iachie; au unafungua kifuniko kidogo cha nyuma, unakuta ncha ya shafti iliyochongwa pembe nne, unaizungusha kwa spana. Mtengenezaji alijua itakwama, akaacha mahali pa kushika. Leo tunaambiwa gari la kitufe halina habari ya hayo kwa sababu kompyuta ndiyo inayowasha. Kompyuta inaamuru rilei, rilei ina kontakti, kontakti zinaungua. Swali la waya mwembamba liko pale pale.

Pingamizi lenye uzito ni la pesa: mteja ana safari, stata ya mtumba iko dukani, na saa ya kupima ina gharama. Lakini gharama ihesabiwe kwa ukamilifu. Kosa likiwa kwenye rilei, kitu kidogo cha bei ndogo, stata mbili za mtumba hazitalitibu. Likiwa kwenye kontakti, kwa stata nyingi za Denso, zilizojaa kwenye Toyota zetu, kontakti za kopa huuzwa peke yake na kubadilishwa bila kugusa amecha. Basi ukishauriwa kununua nyingine, mwambie fundi aifungue solenoidi ya zamani mbele yako, uone kopa imeliwa au haikuliwa. Akikataa, mlipe kazi aliyoifanya, chukua stata yako na uondoke nayo.