Paparazi: Jina la Mwenye Hoteli

Neno paparazi limepokewa na Kiswahili bila ya taabu. Silabi zake ni nne, zote wazi, kama kwamba limezaliwa mwambao. Malenga anayetafuta kina cha zi hulikuta tayari, mizani minne kamili. Magazeti yamelitia ma- ya wingi, yakasema mapaparazi, ingawa kwa Kitaliana paparazzi ni wingi tayari na mmoja wao ni paparazzo. Si kosa; ndivyo lugha inavyomvisha mgeni. Kasoro iko katika maana. Husemwa kuwa paparazi ni mpiga picha anayewavizia watu mashuhuri, na maelezo yakaishia hapo. Asili ya neno inadai zaidi.

Paparazzo ni mhusika katika filamu ya Federico Fellini, La dolce vita, iliyotoka mwaka 1960 na kutunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka huohuo. Ni mpiga picha anayefuatana na Marcello, mwandishi wa habari za umbea, katika nyusiku za Roma. Kielelezo chake kikubwa ni Tazio Secchiaroli, aliyevuma Agosti 1958 alipompiga picha Farouk, mfalme wa Misri aliyepinduliwa mwaka 1952, naye Farouk akamvamia kwa hasira.

Kuhusu jina lenyewe ziko kauli mbili. Fellini alisema lilimletea fikra ya mdudu avumaye, arukaye huku na huko na kuuma. Ennio Flaiano, aliyeshiriki kuiandika filamu hiyo, alieleza kuwa lilitoka katika kitabu cha safari cha Mwingereza George Gissing, By the Ionian Sea, cha mwaka 1901. Humo, Coriolano Paparazzo ni mwenye hoteli mjini Catanzaro, aliyebandika tangazo mlangoni mwa chumba kueleza masikitiko yake kwamba wako wageni wanaolala kwake kisha wakenda kula kwengine. Kauli hizi hazigombani: moja yaeleza jina lilikotoka, nyengine yaeleza kwa nini lilipendeza sikioni. Ila kinaya chake ni kikubwa. Mwenyeji aliyewataka wageni wake wakae mezani pake, jina lake leo ni la wajao bila ya kualikwa.

Tena, ukali wa filamu hauko kwenye mikahawa ya wakubwa. Uko pale mke wa Steiner anaposhuka kwenye basi, hajui kuwa mumewe amewaua watoto wao wawili kisha akajiua. Wapiga picha wanamzunguka kabla hajaambiwa lolote, naye anadhani wamemfananisha na mwigizaji. Mama huyu si mashuhuri. Kinachoporwa kwake ni uso wa msiba ambao mwenyewe hajaujua bado. Basi neno hili, tangu kuzaliwa kwake, halikupima umaarufu wa anayewindwa. Lilipima haraka ya mwindaji.

Kifo cha Diana mjini Paris, tarehe 31 Agosti 1997, kililieneza neno hata kwa wasiowahi kuiona filamu, na kikazidi kulifunga kwenye habari za watu wakubwa. Hapo ndipo sikio la Mswahili linapoweza kulirudishia haki yake, kwani ndani ya paparazi husikia papara. Kwa mwanaisimu huo ni mfanano wa sauti tu, na atakayeufanya asili atapotosha. Kwa mshairi ni mali halali: papara ndiyo hasa dhambi iliyooneshwa na Fellini.

Malenga atakayelitia neno hili kwenye kina asiwatafute wenye kamera kubwa peke yao. Anayeinua simu barabarani kumpiga picha majeruhi, na kuisambaza kabla jamaa zake hawajapata habari, naye jina hili ni lake.