Farasi wa Orwell, punda wa Zombo

Juzi nikiwa Zombo, Kilosa, nilirudia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Huku farasi humkuti. Mikumi ni jirani, mbung'o wapo, na farasi hauwezi ugonjwa wao. Anayebeba maji na magunia ya mahindi ni punda.

Ndiyo maana naona wahakiki wetu wameng'ang'ania mno nguruwe. Sawa, Stalin tumeshamwelewa. Kinachouma hasa ni yule farasi ambaye Orwell alimwita Boxer: anaanguka akivuta mawe ya kinu cha upepo, wenzake wanaambiwa anapelekwa hospitali, kumbe gari ni la mchinja farasi. Na anayeyasoma maandishi ya gari kwa sauti ni nani? Benjamin, punda! Miaka yote alijua kusoma, akanyamaza.

Hapo ndipo nagombana na Orwell. Punda wake ni mtazamaji tu, mwerevu mwenye maneno makavu. Kubeba kaachiwa farasi. Mwandishi wa Zombo asingethubutu.

Mzee mmoja jirani, mwenye mbwa wawili na punda aliyechoka, nilimsimulia kisa hicho. Akauliza, "Walimuuza shilingi ngapi?" Kitabu hakitaji bei, jamani, kinasema tu nguruwe walipata hela ya wiski. Mzee akacheka, halafu akanyamaza. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, zile zinazochemshwa China kuwa dawa. Bei yake, mzee anaijua.